Jinsi ya kusoma ile miaka ya vita ambayo rekodi ya mchezaji imeiruka

Ukifungua rekodi ya Tom Finney, winga wa zamani wa Uingereza, kwa simu utaona Preston North End, 1946 hadi 1960, mechi 433 za ligi, magoli 187, halafu kama una haraka utaangalia tarehe ya kuzaliwa, 5 Aprili 1922, upige hesabu useme huyu jamaa ameanza mpira akiwa na miaka 24, amechelewa sana. Mimi nilisema hivyo. Nilikuwa kwa kibanda cha chai hapa Nakuru Jumamosi jioni tukingoja mechi, tunabishana mawinga wa zamani nani zaidi, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa pale pembeni na kikombe chake akanigeukia, akaniuliza, "Kijana, huo mwaka wa 46 unaujua ulikuwa mwaka wa nini?" Nikanyamaza. Akasema, "Huo ndio mwaka baba yangu alirudi kutoka vitani Burma. Sasa huyo wako naye, alikuwa anatoka wapi?"

Nilirudi nyumbani nikatafuta, na tangu siku hiyo sijasoma rekodi ya mchezaji wa enzi zile vile nilivyokuwa nasoma. Finney hakuchelewa popote. Alikuwa dereva wa kifaru. Kwa hivyo hapa naandika vile mimi hufanya, hatua kwa hatua, kwa yeyote anayependa historia ya mpira na anataka kujua ile nafasi kati ya 1939 na 1946, ya vita vya pili vya dunia, ilikuwa na nini ndani, maanake kwa rekodi nyingi inakaa kama mtu alikuwa amelala.

Huhitaji vitu vingi, simu yenye bando, kalamu, na karatasi moja ya daftari uigawanye safu nne: msimu, umri, mpira, jeshi. Usianze kujaza kwa simu, andika kwa karatasi, kwa sababu ukiona safu ya mpira iko tupu na ile ya jeshi imejaa ndio kitu kinakuingia.

Anza na umri, si magoli. Hapa watu wengi hukosea. Shika tarehe mbili kichwani, 2 Septemba 1939, Jumamosi ya mwisho ligi ya Uingereza ilichezwa kabla vita kutangazwa kesho yake, na 31 Agosti 1946, Jumamosi ambayo ligi ilirudi rasmi. Chukua mchezaji wako uandike alikuwa na miaka mingapi tarehe ya kwanza na mingapi tarehe ya pili. Stanley Matthews, winga wa Stoke aliyezaliwa 1 Februari 1915, alikuwa 24 akawa 31. Tommy Lawton wa Everton alikuwa 19 akawa 26. Stan Mortensen wa Blackpool 18 akawa 25. Finney 17 akawa 24. Hebu angalia hizo namba tu kwanza kabla hujaenda mbele. Chukua straika yeyote unayempenda wa siku hizi uondoe kila kitu alichofanya kati ya miaka 19 na 26, halafu uniambie kama bado ungemjua jina.

Lawton ndiye ananiuma zaidi kwa hilo. Msimu wa 1938/39 alifunga magoli 34 ya ligi, Everton wakachukua ubingwa, na yeye alikuwa hata hajafika miaka 20. Kisha ligi ikafungwa. Iliporudi alikuwa Chelsea, na msimu huo wa kwanza, 1946/47, akafunga 26 ya ligi, maana yake mguu haukuwa umesahau kitu. Katikati ya 34 na 26 kuna misimu saba ambayo rekodi rasmi ya ligi haina hata mstari mmoja.

Sasa ujue kalenda, kwa sababu hapa kuna mitego. Msimu wa 1939/40 ulianza kabisa, timu zilikuwa zimecheza raundi tatu tu, Blackpool wakiwa juu kwa kushinda zote tatu, halafu ukafutwa na yale matokeo yakatolewa kwenye vitabu. Kwa hivyo ukisoma mahali kwamba mtu alicheza mechi yake ya kwanza Agosti 1939 na pengine umeambiwa alianza 1946, usiseme mmoja ni mwongo, huenda wote wako sawa, mmoja anahesabu mechi zilizofutwa na mwingine hahesabu. Mtego wa pili ni 1945/46. Mwaka huo FA Cup ilichezwa na inahesabiwa, hata walicheza nyumbani na ugenini kwa mara ya kwanza, lakini ligi ya kawaida ilikuwa bado haijarudi. Ndio unakuta mtu ana mechi za FA Cup msimu ambao hana mechi ya ligi. Na kama mchezaji wako ni wa vita vya kwanza, kalenda ni nyingine kabisa, kwa sababu ligi iliendelea msimu mzima wa 1914/15 huku watu wakilalamika, ikasimama, ikarudi 1919.

Baada ya hapo jaza safu ya mpira, na hapa usiiache tupu, kwa sababu mpira haukusimama. Ulichezwa kwa ligi za kimkoa ili timu zisisafiri mbali, mashabiki wakawekewa kikomo, mahali penye hatari ya mabomu mwanzoni hawakuruhusu zaidi ya watu 8,000 uwanjani. Mikataba ya wachezaji ilisimamishwa. Mtu aliyekuwa analipwa hadi pauni 8 kwa wiki akawa anapewa shilingi 30 kwa mechi, baadaye ikapanda ikawa pauni 2. Na kwa vile askari alikuwa anahamishwa kambi kila saa, ruhusa ilitolewa mchezaji achezee klabu iliyo karibu na kambi yake kama mgeni. Ndio maana ukifuatilia miaka hiyo unakuta mtu wa Everton kavaa jezi ya timu ndogo ya mji wa kambi. Aldershot, timu ya daraja la tatu, walifaidika vibaya sana, kwa sababu mji wao ndio mji wa jeshi, na majina makubwa ya timu ya taifa yalikuwa pale pale kambini yakifundisha askari mazoezi ya viungo.

Kwa hivyo ukikuta jina la mchezaji wako kwenye timu isiyo yake, usikimbilie kusema ni mtu mwingine mwenye jina kama hilo. Kuna mfano mmoja ambao kila nikiusimulia watu hawaamini. Septemba 1943 Uingereza wanacheza na Wales Wembley, Mortensen yuko pale kama akiba wa Uingereza, mchezaji mmoja wa Wales anaumia, Wales hawana mtu wa kuingiza, basi Mortensen anavaa jezi ya Wales anacheza dhidi ya nchi yake mwenyewe. Na huyo Mortensen alikuwa amenusurika ajali ya ndege ya mabomu, alikuwa mtu wa redio ndani ya ndege. Miaka kumi baadaye, 1953, ndiye aliyefunga magoli matatu kwenye fainali ya FA Cup ambayo watu wanaiita ya Matthews, Blackpool 4 Bolton 3.

Kanuni yangu ni hii, mechi za vita uziandike zote unazozipata, lakini kwa safu yake, usizijumlishe na zile rasmi. Mechi za timu ya taifa za wakati wa vita hazihesabiwi. Matthews ana mechi rasmi 54 za Uingereza, na za wakati wa vita ziko kando hapo, nyingi. Ukizijumlisha utaingia ubishi na mtu mwenye vitabu na atakushinda. Ukiziacha kabisa nayo umemwibia mtu.

Mfano wenyewe nimalizie na Finney kwa sababu wake ndio ulionifundisha. Alizaliwa Preston karibu kabisa na uwanja wa Deepdale. Alikuwa mtoto mdogo wa mwili, mwembamba, na babake akasema hakuna kusaini mpira kabla hujamaliza kujifunza kazi ya mifereji, kwa hivyo akawa plamba kwanza, na alibaki plamba maisha yake yote, huko kwao walikuwa wanamwita plamba wa Preston na si kwa kejeli, alikuwa anatengeneza mabomba ya watu kweli. Akasaini kwa malipo mapema 1940. Hapo ndipo nilipokuwa nimekosea mimi, nilikuwa natafuta mwanzo wake 1946 na mwanzo wake uko 1940, upande ule wa pili wa ukuta.

Sasa angalia Mei 1941. Preston wanafika fainali ya kombe la vita Wembley dhidi ya Arsenal, sare ya 1-1, kijana wa miaka 19 yuko winga ya kulia, wanarudiana Blackburn wanashinda 2-1. Huyo kijana ndiye Finney. Halafu jaza kazi yake yote iliyobaki uone: Preston walikosa ubingwa wa 1952/53 kwa tofauti ya hesabu ya magoli tu, Arsenal wakauchukua. Walipoteza fainali ya FA Cup ya 1954 kwa West Bromwich Albion, 3-2. Wakawa wa pili tena 1957/58. Ubingwa wa daraja la kwanza hakuupata, FA Cup hakuipata. Yaani mtu aliyetajwa mchezaji bora wa mwaka mara mbili, 1954 na 1957, kombe la fainali alilolibeba ni lile la 1941, na hilo ndilo vitabu vinaliweka pembeni. Nilipoliona hilo kwa karatasi yangu nilikaa kimya kidogo. Ungejuaje kwa kusoma ile rekodi ya 1946 hadi 1960?

Na hapo pia kuna upande mwingine ambao lazima uandike ukitaka kuwa mkweli. Kijana wa miaka 19 alipata nafasi ya kucheza fainali kwa sababu wakubwa wake walikuwa wamechukuliwa jeshi. Vita vilimpa mlango kwa mkono mmoja vikamfungia kwa mwingine. 1942 akaitwa yeye, akapelekwa Royal Armoured Corps, kikosi cha vifaru, akasafirishwa hadi Misri kwa jeshi la nane la Jenerali Montgomery. Kule alicheza mpira na timu za jeshi mchangani, halafu vita vikapanda Italia na yeye akapanda navyo, Aprili 1945 alikuwa anaendesha kifaru kwenye mapigano ya Argenta. Miezi kumi na sita baadaye, 31 Agosti 1946, ndio mechi yake ya kwanza rasmi ya ligi, Preston na Leeds United. Na 28 Septemba, siku 28 tu baadaye, yuko Belfast na timu ya taifa, Uingereza wanashinda 7-2 na yeye anafunga. Siku 28! Mtu aliyechelewa hafanyi hivyo. Alimaliza na mechi 76 za taifa na magoli 30.

Turudi kwa safu ya jeshi, nieleze vile unaijaza. Usiandike tu "alienda vitani", hiyo haisemi kitu. Kuna aina tatu za maisha pale na ni tofauti kama usiku na mchana. Kuna waliobaki Uingereza wakifundisha mazoezi ya viungo, kama Lawton na Matt Busby, hao walicheza mechi nyingi za vita na watu waliowalaumu walikuwepo, lakini pia walikuwa wanafuata amri, mtu hajichagulii kituo. Kuna waliopelekwa mbali, kama Finney, hao safu yao ya mpira inakauka miaka mitatu minne. Halafu kuna wasiorudi.

Kwa wasiorudi, tovuti ya Commonwealth War Graves Commission, ile tume inayotunza makaburi ya vita, ndiyo ya kwanza na ni bure. Fanya zoezi na Harry Goslin, nahodha wa Bolton Wanderers. Aprili 1939, vita bado havijaanza, alisimama mbele ya mashabiki Burnden Park akawaambia watu wajiandikishe kulinda nchi, halafu hakuishia kusema, yeye na wachezaji wenzake wakaenda wakajiandikisha kikosi cha mizinga cha mji wao. Walipita Ufaransa 1940, wakapita Misri, wakapita Iraq, wakafika Italia. Desemba 1943 Goslin, ambaye sasa alikuwa luteni, akafa kwa majeraha karibu na mto Sangro, na amezikwa makaburi ya Sangro River. Andika jina la ukoo peke yake kwa kisanduku cha kutafuta, chagua vita vya pili, na usijaze kila kitu, ukijaza sana inakosa. Ukimpata soma kila neno: namba ya jeshi, cheo, kikosi, tarehe, umri, na pale chini kama yapo majina ya wazazi au mke na mji wao. Huo mstari wa chini ndio wa kukuhakikishia ni yeye, kwa sababu majina yanafanana sana na umri peke yake hautoshi.

Kwa waliorudi kazi ni ngumu kidogo. Nyaraka za utumishi ziko Uingereza, serikali yao imekuwa ikizihamishia makumbusho ya nyaraka ya Kew, London, katalogi unaweza kuitafuta kwa simu ukiwa hapa. Gazeti la serikali yao, London Gazette, nalo linatafutika bure, linataja waliopewa vyeo vya afisa na nishani za ushujaa, askari wa kawaida asiye na nishani hutampata huko. Kwa hivyo mara nyingi utategemea maelezo ya mchezaji mwenyewe na ya klabu, na ukipata sehemu mbili zinazopishana tarehe, andika zote mbili kwa penseli hadi upate ya tatu.

Kuna swali watu huniuliza kila mara nikiwaonyesha hizi karatasi, eti sasa angefunga mangapi. Hesabu yenyewe ni rahisi, Finney mechi 433 kwa misimu 14 ni kama 31 kwa msimu, misimu sita ya kuanzia 1940 ingempa karibu 186 zaidi. Mimi huiandika, lakini naiandika nyuma ya karatasi, na naanza na neno "pengine". Kwa sababu pengine angevunjika mguu 1941, pengine angekaa benchi nyuma ya mtu mkubwa hadi 1944, na kwa upande mwingine kuna Matthews ambaye vita vilimla miaka saba ya katikati kabisa na bado akacheza daraja la kwanza akiwa na miaka 50, 1965. Wakati wa vita alikuwa jeshi la anga, kituo chake kiko karibu na Blackpool, akacheza pale kama mgeni, na 1947 Stoke wakamuuza kwa hao hao Blackpool kwa pauni 11,500. Yaani ile fainali ya 1953 inayosimuliwa mpaka leo ina mizizi kwenye kambi ya jeshi. Hesabu ya "angefunga" haiwezi kukuonyesha hilo, karatasi ya safu nne inakuonyesha.

Kama unataka mfano wa vita vya kwanza, chukua Walter Tull, na huyu napenda sana kuwaonyesha vijana wa hapa. Mzaliwa wa Folkestone, 1888, babake alitoka Barbados kwa familia iliyowahi kuwa watumwa. Alichezea Tottenham, kisha Northampton Town, akajiunga na kile kikosi cha wanampira cha Middlesex, akapanda hadi akawa afisa wakati kanuni za jeshi lao zilikuwa zinamzuia mtu mweusi kuwa hivyo. Aliuawa Ufaransa 25 Machi 1918. Maiti yake haikupatikana, jina lake liko kwenye ukuta wa kumbukumbu huko Arras. Umri wake wakati ule ni miaka 29, na safu yake ya mpira inaishia hapo.

Sasa nije kwa sehemu ambayo yule mzee wa kibanda alinisukuma niifanye, kwa sababu aliniambia wazi, ukiweza kumtafuta Mzungu wa Preston basi unaweza kumtafuta na mtu wa hapa. Karatasi ni ile ile, safu nne. Kinachobadilika ni vile unauliza.

Umri kwanza tena, lakini hapa huna cheti cha kuzaliwa. Uliza alizaliwa karibu na tukio gani, ile njaa kubwa iliyofuata vita vya kwanza, nzige, ni nani chifu, alitahiriwa na akina nani. Rika moja ukilipata umepata miaka miwili mitatu ya kuzungukia. Pili, usimuulize mtu wa familia "babu alikuwa wapi 1943", hatajua. Uliza kama alikuwa keya, maanake wazee wetu wa Magharibi na Nyanza hawasemi King's African Rifles, lile jeshi la Waingereza la askari Waafrika, wanasema keya. Uliza alipanda meli au lori, uliza aliongea kuhusu baridi ama kuhusu mvua. Akisema milima na Mwitaliano, hiyo ni Abyssinia, Ethiopia ya leo, 1940 na 1941. Akisema kisiwa na Mfaransa, ni Madagascar, 1942. Akisema mvua isiyoisha, matope, Mjapani na bonde la homa, huyo alikuwa Burma na ile divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, walipita bonde la Kabaw 1944 kwa masika mpaka mto Chindwin, Desemba wakawa Kalewa.

Kama kuna nishani nyumbani, usitafute jina ukingoni kama ni za vita vya pili, Waingereza walizitoa bila jina, zile za vita vya kwanza ndizo zina jina. Angalia utepe. Mzee aliniletea mmoja umekunjwa ndani ya bahasha ya shule, umefifia, lakini nilipouweka mlangoni kwa mwanga rangi zilitoka: nyekundu katikati, buluu iliyokolea pande mbili, na ndani ya kila buluu mstari wa machungwa. Hiyo ni Burma Star. Ingekuwa rangi ya mchanga yenye nyekundu katikati na mistari myembamba miwili ya buluu, mmoja umekolea mmoja hafifu, ingekuwa Africa Star, ya kaskazini na Abyssinia. Mzee alikuwa ameishi na huo utepe miaka yote na hakuna mtu aliyewahi kumwambia unasomeka.

Kwa wasiorudi, tovuti ni ile ile ya makaburi, lakini majina yetu yaliandikwa vile karani alivyosikia, kwa hivyo jaribu herufi zote, L na R, B na W, ng' na n, na mara nyingi utakuta jina moja tu, kisha s/o, yaani mwana wa, kisha jina la baba. Kama hakuna kaburi angalia ule mnara ulio kwenye makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong. Na kama familia inasema alizama baharini usiwapuuze. Meli ya Khedive Ismail ilitoka Mombasa ikielekea Ceylon, Sri Lanka ya leo, ikapigwa na nyambizi ya Wajapani 12 Februari 1944, zaidi ya watu 1,200 wakaenda nayo, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki. Ukipata tarehe hiyo kwa mtu wako, huenda umempata.

Ukiwa Nakuru nenda Gilgil mara moja, hata kama huna mtu wako pale. Kuna makaburi ya vita ya Gilgil, ukipanda matatu ya kuelekea Naivasha haifiki saa moja. Nenda asubuhi, beba maji, na ujizoeze kusoma mpangilio, namba, cheo, kikosi, tarehe, umri. Mimi nilisoma safu nzima nikiandika umri peke yake kwa mkono, na ulikuwa umri wa timu, ule ule wa vijana ninaowaona wakicheza uwanja wa Afraha. Ukimaliza hapo tovuti inakuwa rahisi kwako, macho yanajua pa kwenda.

Mpira wa wazee wetu ndio mgumu zaidi kuupata kwa maandishi, kwa hivyo uliza mambo ya mwili. Alipiga na mguu gani. Alicheza na viatu au peku. Jezi rangi gani, nani alizifua. Alipotoka vitani nani alikuwa anacheza nafasi yake. Hilo swali la mwisho niliiba kwa Finney, na nilipomuuliza mzee alijibu bila kufikiria, kama lilikuwa linamngoja.

Karatasi ya babake tuliijaza pale pale kwa kibanda, chai ikapoa. Mstari wa kwanza: kabla ya vita, kama miaka 20, winga ya kushoto, peku, jezi nyeupe zilizoshonwa na dadake. Mstari wa pili: keya, Burma, utepe upo. Safu ya mpira kwa mstari huo mzee akaniambia niandike "walicheza kambini, waliweka helmeti mbili kuwa goli". Mstari wa tatu, 1946: amerudi, miaka 26 hivi, amekuta winga ya kushoto inachezwa na mdogo wake, akamwachia, akaenda kusimama golini.

Nikamuuliza alidaka vizuri? Akasema andika ndiyo.